Upepo wa Tairi

(Maneno yaliyosemwa Tanga mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mahali hapa, ambapo zamani nilisimamishwa mara mbili tu, na mara zote mbili kwa kosa la kuchelewa mstarini. Katibu wetu aliponiandikia aliniomba nizungumzie njia ya mafanikio katika utumishi wa umma. Niliitafakari mada hiyo kwa wiki tatu, nikaona kwamba wamo humu ukumbini wanaoijua njia hiyo kuliko mimi. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya jambo dogo ninalolijua kwa hakika, kwa sababu lilikaribia kunifanya nipoteze uhai wa mtoto wa mtu. Jambo lenyewe ni upepo wa tairi.

Kama mtaona ni jambo la gereji, tazameni nje. Wakati wetu, katika miaka ya 1990, siku ya mkutano kama huu uwanja ule ulijaa baiskeli, pikipiki ya mwalimu wa hesabu, na gari moja la mgeni rasmi. Leo magari yamefika mpaka chini ya miembe. Jioni wenye magari hayo watarudi Dar es Salaam, Moshi na Arusha, na wengi wao wamekuja na watoto. Nanyi vijana, baada ya miaka michache mtashika usukani. Basi nivumilieni.

Mwaka 2015, nikiwa mtumishi hapa hapa Tanga, nilinunua gari la spoti. Naomba msicheke, na msianze kupiga hesabu za mshahara wangu. Lilikuwa gari kuukuu, Mazda ya viti viwili iliyotengenezwa Japani mwaka 1991, aina inayojulikana duniani kwa jina la MX-5, na huko kwao iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Aliyeniuzia alikuwa akihama nchi, naye alitaka liondoke barazani kwake kabla hajaondoka yeye. Injini yake ni ya lita 1.6, paa lake ni la turubai la kukunja, na uzito wake ni kilo 940 hivi. Chini yake hapiti hata kuku. Mke wangu aliliangalia, akaniuliza watoto watakaa wapi. Mpaka leo sijampa jibu.

Kulikuwa na watu walioniambia kwamba gari la namna hiyo haliwezi barabara zetu. Mimi niliwajibu kwa historia. Mwaka 1971 mashindano ya East African Safari yalishindwa na Datsun 240Z, gari la spoti la viti viwili, likiendeshwa na Edgar Herrmann. Mwaka 1973 gari la aina hiyo hiyo lilishinda tena, safari hii likiendeshwa na Shekhar Mehta. Kwa hiyo, nikasema, gari la spoti na vumbi la Afrika Mashariki ni marafiki wa zamani. Jambo nililosahau ni kwamba Herrmann na Mehta walikuwa na mafundi waliopima kila kitu, na mimi sikupima chochote.

Upepo nilikuwa najaza kama tunavyojaza wengi wetu. Unasimama kando ya barabara, kijana anakuja na mpira wa kompresa, anauliza, "Bosi, ngapi?" Nawe unamjibu, "Weka thelathini na tano, kama kawaida." Kawaida ya nani, hakuna anayeuliza. Thelathini na tano ndiyo iliyokuwa kawaida ya gari la ofisi nililozoea kupanda, nalo lilikuwa Land Cruiser yenye uzito unaozidi tani mbili. Gari langu dogo nikalivika viatu vya mtu mzima. Likawa linarukaruka barabarani kama mbuzi, na wakati wa masika lilikuwa linateleza kwenye kona. Nilidhani ndiyo tabia ya magari ya spoti. Nilijivunia hata.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Mwishoni mwa Juni 2016, siku ya Jumamosi, nilikwenda Kigombe kwa ajili ya samaki. Wenyeji mnaijua barabara ya Pangani ilivyokuwa wakati huo: changarawe, mashimo, mashamba ya mkonge kulia na kushoto, na kila mahali yale mawe makali ya matumbawe yanayotokeza ardhini. Nilipoacha barabara kuelekea ufukweni nilikwama kwenye mchanga. Akaja kijana mmoja mwema, dereva wa gari la watalii, akaniambia, "Mzee, punguza upepo, litatoka." Ushauri wake ulikuwa sahihi. Tairi likipunguzwa upepo hulala chini kwa upana, likaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Tukabonyeza valvu kwa kijiti, fssss, tairi moja baada ya jingine, kwa kukadiria kwa macho. Geji hatukuwa nayo. Nadhani tulifika kama paundi 18, huenda ikawa chini ya hapo. Gari likatoka, tukapeana mikono, nikanunua samaki wangu.

Yule kijana aliniambia neno moja zaidi: "Ukifika barabarani, jaza." Ningejaza kwa nini, Mwenyekiti? Pampu sikuwa nayo. Nikajiambia mji si mbali, nitajaza nikifika. Nikashika njia ya Tanga kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, matairi yakiwa laini, samaki wakianza kudai barafu. Baada ya dakika kumi hivi gurudumu la mbele la kushoto liliingia shimoni, likapiga ukingo wa jiwe. Nilisikia mlio mmoja mzito, chuma kwa jiwe. Nikasimama, nikashuka, nikazunguka gari. Rimu haikupinda. Tairi kwa upande wa nje lilikuwa zima kabisa. Nikashukuru Mungu, nikaondoka. Nilipofika mjini nikamwambia kijana wa kompresa, "Weka thelathini na tano." Nikahesabu kwamba deni nimelilipa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na safari ya Dar es Salaam, na katika kurudi nilikuwa na kazi ya heshima. Miongoni mwetu tuliomaliza pamoja, alikuwako mwenzetu mmoja niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha tatu. Alifariki mapema, akaacha mjane na watoto. Mwanawe wa kwanza alikuwa amechaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule hii hii aliyosoma baba yake. Nilimwahidi shemeji yangu kwamba kijana nitamleta mimi mwenyewe. Alfajiri ya siku ya safari alimtoa mlangoni, akamshika bega, akaniambia, "Shemeji, nakukabidhi." Hakuongeza neno.

Godoro tulikuwa tumelitanguliza kwa basi. Tranka la bati tulilifunga kwa kamba nyuma ya viti. Ndoo aliipakata kijana mwenyewe, na ndani ya ndoo mlikuwa na madaftari, sabuni na chapati za mama yake. Alifurahi sana kupanda gari lisilo na paa. Kwa muda wa saa nzima alikuwa akiuliza habari za baba yake alipokuwa hapa, nami nikimweleza yale yanayofaa kuelezwa.

Tulisimama Chalinze kunywa chai. Tuliporudi garini kalamu yake ilidondoka, ikabingirika chini ya gari. Akalala kifudifudi kuitafuta. Alipoinuka alikuwa amekunja uso. Akasema, "Baba mdogo, tairi hili la mbele lina uvimbe kwa upande wa ndani. Kama jipu."

Ndugu zangu, nataka msikie nilivyojibu, kwa sababu ndiyo sababu ya kusimama kwangu hapa leo. Sikuinama. Sikutazama. Nilimwambia kijana wa miaka kumi na saba, kwa sauti ya mtu aliyehitimu chuo kikuu, "Hayo ni matairi ya radiali. Ubavu wake huwa unafutuka kidogo, ndivyo yalivyotengenezwa. Panda, tutachelewa." Tena maneno yenyewe ni ya kweli. Tairi la radiali huonekana limefutuka kidogo kwa chini, mahali linapobeba gari, na hiyo si ila. Nilikuwa na jibu sahihi la swali ambalo hakuuliza. Yeye alisema jipu, mimi nikajibu habari ya tumbo. Akanyamaza, kwa adabu aliyofundishwa, akapanda.

Tukapita Segera, tukapinda kulia kuelekea Tanga, tukapita Hale. Barabara ni ya lami nzuri na gari lilikuwa linakwenda kilomita 100 kwa saa. Tulipokaribia Muheza nikakiona kibao cha 50. Sitawadanganya kwamba nilipunguza mwendo kwa kutii sheria. Nilipunguza kwa sababu niliogopa tochi ya askari. Sindano ilikuwa imeshuka, nadhani kwenye 55, tairi lilipopasuka.

Mlio wake ni kama wa bunduki. Usukani ulinivuta kushoto kwa nguvu ambayo sikuitegemea katika gari dogo vile. Nami nikafanya lile linalofanywa na kila asiyefundishwa: nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likajipinda, likaacha lami, likapanda ukingo na kwenda moja kwa moja kwenye chanja za machungwa. Mnajua mwezi wa Julai Muheza ilivyo, machungwa yamepangwa kando ya barabara kama kuta. Akina mama wawili walikuwa wameketi hapo. Mmoja alijitupa kulia, mwingine kushoto. Gari likasimama katikati ya machungwa yao.

Palikuwa kimya kwa muda. Kijana alikuwa ameikumbatia ndoo, macho yamemtoka. Damu haikumwagika hata tone. Mama mmoja, ambaye chanja yake nilikuwa nimeivunja, alikuja akainama upande wa kijana, akamgusa kichwa, akauliza, "Mtoto mzima?" Alipojibiwa kwamba ni mzima, ndipo aliponigeukia mimi. Machungwa nililipa yote, na hakuna siku nimelipa deni kwa moyo mweupe kama siku ile. Lakini kuna hesabu nyingine niliyokuwa nikiipiga kichwani, na bado naipiga. Kama kibao kile kingekuwa mbele kilomita moja tu, tungepasukiwa na tairi tukiwa kwenye 100, pengine basi likitujia upande wa pili, nami ningerudi kwa shemeji yangu kumwambia nini?

Tuliweka spea, tukafika shuleni jioni. Tairi lililopasuka nililipeleka Ngamiani kwa fundi wa pancha, mzee ambaye zamani, tulipokuwa wanafunzi, alikuwa akituzibia baiskeli kwa mkopo. Alilikata kwa kisu kikubwa, akaligeuza ndani nje, akanionyesha. Ubavu wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, ulikuwa na mstari uliokatika kama kitambaa kilichochanika, na nyuzi zimetokeza.

Akanieleza kwa utaratibu, nami nawaelezeni kama alivyonieleza. Kinachozuia upepo usilipasue tairi si raba. Raba ni ngozi tu. Kinachobeba ni nyuzi zilizomo ndani ya raba, ambazo katika tairi la radiali hutoka ukingo mmoja wa rimu kwenda ukingo wa pili. Tairi lenye upepo mdogo likipiga jiwe, ubavu wake hubanwa kati ya jiwe na rimu, kama kidole kilichobanwa na mlango. Raba hunepa na kurudi, kwa hiyo nje huoni kitu. Nyuzi hukatika. Baada ya hapo, mahali pale pamebaki raba peke yake, nao upepo unaisukuma kutoka ndani. Ndipo unapotokea ule uvimbe. Kila kilomita unayokwenda, na kila joto la lami linavyoongezeka, nyuzi za jirani zinavutwa mpaka nazo zinachoka. Na mimi, juu ya jeraha hilo, nilikuwa nimeshindilia paundi 35.

Nikamwambia, "Lakini mzee, nilijaza upepo siku ile ile." Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Mwanangu, upepo hurudi. Nyuzi hazirudi."

Kisha akaniuliza, "Gari hili lenyewe linataka ngapi?" Nikanyamaza. Akanipeleka garini, akafungua mlango wa dereva, akanionyesha karatasi ndogo iliyobandikwa hapo. Maandishi yake ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni za watu wote: 185/60R14, na pembeni yake 1.8. Karatasi hiyo nilikuwa nimeiona tangu siku ya kwanza. Nilidhani 1.8 ni ukubwa wa injini, nikajisemea kwamba Wajapani wamekosea, kwani injini yangu ni 1.6! Kumbe ni upepo: kilo 1.8 kwa kila sentimita moja ya mraba. Ukiugeuza kwa kipimo tulichozoea unapata paundi 26 kwa inchi ya mraba. Ishirini na sita, mbele na nyuma. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimezidisha paundi tisa, isipokuwa siku moja ya Kigombe, ambapo nilipunguza nane.

Vijana wa fizikia, chukueni kalamu. Kanieneo ni kani kugawanywa kwa eneo. Gari la kilo 940 likigawanya uzito wake sawasawa, kila gurudumu hubeba kilo 235. Ukijaza kilo 1.8 kwa sentimita ya mraba, tairi hugusa barabara kwa eneo la sentimita za mraba 130 hivi, yaani karibu na kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ukijaza paundi 35, ambazo ni kilo 2.46, eneo hilo hushuka mpaka kama 95. Umejinyima zaidi ya robo ya mguso wako na barabara, na hicho kiganja ndicho kitu pekee kinachokushika wakati wa mvua. Land Cruiser ya kilo 2,200 kwa paundi 35 hizo hizo hugusa kwa sentimita 220 na zaidi. Kwa hiyo tarakimu iliyo salama kwa mmoja ni hatari kwa mwingine. Hesabu hii ni ya kukaribia, maana ubavu wa tairi nao una ugumu wake, lakini inatosha kuonyesha kwa nini gari langu lilirukaruka kama mbuzi.

Mpira, ndugu zangu, si mgeni mkoani kwetu. Wakati wa Wajerumani miti ya mpira kutoka Brazil ilipandwa kwa wingi pande za Muheza, mpaka bei ya dunia ilipoanguka mwaka 1913, na hata baada ya hapo miti ya mpira ilipandwa Kihuhwi. Na tairi la upepo lilipata umaarufu kwa ajili ya mtoto. Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alitengeneza matairi ya upepo ili baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isimtikise. Mtu mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kusajili wazo hilo tangu mwaka 1845, lakini halikushika. Nimelifikiria sana jambo hili. Dunlop alipima upepo kwa ajili ya mtoto wake, nami niliyekabidhiwa mtoto wa mwenzangu sikupima.

Sasa niwape yale niliyojifunza, kwa ufupi, ili msirudi mikono mitupu.

Kwanza, tafuteni tarakimu ya gari lenu. Ipo kwenye mlango wa dereva, au kwenye kifuniko cha tangi la mafuta, au katika kitabu cha gari. Tarakimu kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi si ya kujaza. Hiyo ni ya mwisho ambayo tairi linaruhusiwa kufikia. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo jueni kugeuza: kilo moja kwa sentimita ya mraba ni paundi 14.2, na kilopaskali 100 ni paundi 14.5.

Pili, pimeni asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla jua la pwani halijalipiga na kabla hamjatembea. Tairi lililokwenda mwendo mrefu hupanda paundi tatu, nne au hata tano kwa joto lake. Huo si upepo uliozidi, msiutoe. Mkiutoa, kesho asubuhi mtakuwa mmepungukiwa.

Tatu, kila mmoja awe na geji yake. Geji ya barabarani imeangushwa mara nyingi kuliko mnavyofikiri. Na anayependa fukwe awe na pampu, hata ya mguu. Aliyepunguza upepo mchangani ajaze kabla hajarudi barabarani, si baada ya kufika mjini.

Nne, tairi husema ukilisoma. Likiisha katikati, upepo umezidi. Likiisha kingo zote mbili, upepo umepungua. Likiisha upande mmoja, kapimeni alaimenti. Magari ya spoti mengi magurudumu yake huinamia ndani kidogo, kwa hiyo ukingo wa ndani ndio unaotangulia kuisha, na ukingo huo ndio usiouona ukiwa umesimama.

Tano, someni umri. Ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Kwa mfano, 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Gari jepesi lisilotembea sana huchelewa kumaliza meno ya tairi, kwa hiyo tairi linaweza kuonekana kijana huku raba imezeeka kwa jua. Baada ya miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka. Likifika kumi liondolewe, hata kama meno yapo.

Sita, tairi likipasuka, msikanyage breki kama nilivyofanya mimi. Shikeni usukani kwa mikono miwili, ondoeni mguu kwenye mafuta taratibu, acheni gari lipungue mwendo lenyewe, ndipo mtoke pembeni.

Na la saba halimo katika kitabu chochote cha magari. Ukipiga jiwe, mtazame tairi pande zote mbili, hata kama itakubidi ulale chini na suruali ya kazini. Na mtu akikuambia ameona jipu, inama ukatazame, hata kama mtu huyo ni mdogo wako na wewe una shahada. Tairi langu liliumia Kigombe mwishoni mwa Juni, nikiwa peke yangu, kwa sababu ya uvivu wa dakika kumi. Lilidai malipo yake Muheza katikati ya Julai, akiwa amekaa kiti cha pili mtu ambaye hakuwapo siku ya kosa. Katika kazi yangu ya kuandika na kupitisha mafaili nimeona mambo mengi yakienda kwa njia hiyo hiyo, lakini hayo ni ya mkutano mwingine.

Ndugu Mwenyekiti, nimemletea Mwalimu Mkuu geji mbili na pampu moja ya mguu. Geji moja ni ya dereva wa gari la shule, na nyingine ni ya maabara ya fizikia, ili vijana wafanye hesabu ile kwa matairi halisi, wakianza na haya yaliyoko chini ya miembe.

Yule kijana alimaliza kidato cha sita hapa mwaka 2018, na leo yumo ukumbini miongoni mwenu. Sitamtaja, maana hapendi. Tumekuja pamoja kutoka Dodoma. Jana alfajiri, kabla hatujaondoka, alichukua tochi, akapiga magoti, akazunguka magurudumu yote manne, nje na ndani. Mimi nilisimama nikimsubiri, wala sikumwambia kwamba tutachelewa.